Pima Maji

Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba, saa sita mchana,
nasimamisha kamera ya kaka yangu Ayaal
mbele ya nyumba, hatua arobaini kutoka mlangoni,
pale nilipopigilia kigingi cha chuma.
Hatua ni zangu, nazo zinafupika kila mwaka.
Siamini hatua. Naamini kigingi.

Nilianza bila nia kubwa.
Ayaal aliiacha filamu imebakiza picha tatu,
nami sipendi kitu kitupwe hakijaisha.

Picha ya kwanza: nyumba ya magogo, uzio, ziwa kwa nyuma,
ng'ombe mmoja kageuza kichwa,
na Mama dirishani, amekasirika
kupigwa picha na kitambaa cha jikoni kichwani.
Ya pili: ng'ombe hayupo.
Ya nne: dishi jipya juu ya paa,
jeupe kama sikio lililooshwa.
Ya saba: Mama dirishani, safari hii ameketi.
Ya nane: pazia.

Ukizitazama moja moja huoni kitu.
Na sisi ndivyo tunavyoishi, moja moja.
Lakini usiku mmoja wa Januari
baridi ilipokata umeme kijiji kizima,
nilizipanga mezani kama karata, nikasogeza mshumaa,
na ziwa likaanza kumwagika.

Nyumba wima, picha zote nane.
Ziwa nyuma yake linateremka kulia,
kidogo, kidogo tena,
hadi nikashangaa samaki wanashikilia nini.

Nilimwonyesha Keskil, fundi wa matrekta.
Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.
"Tuyaara, ziwa halijui kulala upande.
Kamera yako ndiyo imelala. Nunua pima maji."

Nikainunua mjini: kipande cha njano,
ndani yake maji ya kijani na kiputo kimoja cha hewa
kinachotafuta katikati
kama mlevi anayetafuta kitanda chake gizani.

Septemba ikafika. Nikaiweka juu ya kamera,
nikangoja kiputo kitulie, ndipo nikachungulia.
Ziwa limenyooka kama uzi wa mwashi.
Na nyumba,
nyumba aliyonizalia Mama,
imeinama kushoto, bega chini,
kama mtu anayesikiliza kitu kilicho ardhini.

Miaka minane nilikuwa nalenga kwa jicho,
nafuata ukingo wa mlango,
nainama pamoja na nyumba nikidhani nimenyooka.

Sasa mjue: huku kwetu Sakha hatujengi juu ya mwamba.
Tunajenga juu ya barafu iliyozikwa,
na hakuna aliyewahi kuiuliza umri wake.
Babu alichimba humo ghala la nyama.
Nilipokuwa mdogo tulishuka na taa, katikati ya Julai,
tukakuta paja la farasi gumu kama gogo,
na pumzi zetu zikitutangulia.
Siku hizi nashuka vidato vinne.
Cha tano kiko majini.
Kuna chura humo. Sijui nani alimwalika.

Mwaka huu Keskil amekuja na jeki mbili na magogo mafupi
ainue kona ya kushoto.
Hacheki tena; nyumba yake imepasuka jikoni.
Nikamwambia, ngoja kwanza.
Ayaal amepiga simu kutoka mjini:
hamieni huku, picha za nini?
Sikuwa na jibu la kupita kwenye simu.

Picha ya kumi: miguu ya Keskil inatokeza chini ya nyumba,
binti wa Ayaal, Sayyna, yuko mlangoni,
ameegemea upande wa pili kwa nguvu zake zote,
akisaidia.

Kabla ya kubonyeza nilipapasa kigingi kwa kidole cha mguu,
nihakikishe nimesimama penyewe.
Sikukipata.
Nikapiga magoti, nikafukua matope kwa mikono.
Kilikuwa kimezama chote, hata kichwa hakionekani,
kimelala upande.

Nikakiacha hapo.
Nikamwomba Keskil nyundo,
nikapigilia kingine kando yake.