Mizani Nane

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, surua imenivaa,
nimefungiwa chumba cha juu, Langoni,
nisiambukize harusi.

Harusi yenyewe nyumba ya pili.
Kati yetu ukuta wa matumbawe, unene dhiraa nzima,
lakini taishokoto haijui ukuta.
Ilipita kwenye madaka, ikapenya mto wa usufi niliojiziba nao,
vidole vya mtu nisiyemwona
vikibonyeza vibonye vile kama vya taipureta,
kama ananipigia barua.

Nikashuka ngazi. Mama: "Ndoo hapa, we! Harusi si yako yeo."
Kweli, harusi haikuwa yangu.
Kundi ndilo lililokuwa langu tangu hapo:
Fanusi ya Langoni, watu saba
na fidla moja yenye nyuzi tatu.

Wenzangu walihama kila Idi.
Somoe alipenda nyimbo za sinema za Kihindi, kisha rege,
kisha mume.
Mimi niliuza achari ya ndimu mlangoni mwa chuo
mpaka zikatimia shilingi za kaseti,
na kaseti ilikuwa nakala ya nakala,
jina kwa wino wa kijani, herufi moja imesahauliwa: FANUS.

Wimbo wa tatu, upande wa pili.
Haukupita mwaka redio ikautafuna.
Nikauvuta utepe taratibu, kama utumbo wa dagaa,
nikaukata palipokunjamana,
nikaunga kwa rangi ya kucha ya dada,
nikauzungusha kwa kalamu.
Ukaimba tena. Ila hivi:

*Nimeweka dirishani taa na mafuta yake,*
*. . . . . . . . . . . . kungoja siku ifike.*

Mizani nane zimeliwa.
Pale Famau alipokuwa akiimba
pamebaki mlio wa mtu anayemeza mate.

Nimekaa na shimo hilo miaka thalathini na sita.
Nilitia humo jina la kijana wa Mkomani;
lilikuwa fupi, nikalivuta.
Mume wangu alipokwenda Dammam nikatia tarehe.
Tarehe ikapita. Nikatia nyingine.
Kisha sikutia kitu,
nikawa nameza mate pamoja na kaseti, kwa wakati wake hasa,
hata binti yangu akajifunza wimbo vile,
akiuimba kisimani, anameza mate,
anaendelea.

Mpiga taishokoto alipokufa nilikwenda hitimani.
"Mlikuwa jamaa?" mkewe akauliza.
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe,
neno jingine sikulipata.

Mfungo Mosi uliopita, harusi ya mtoto wa Somoe,
uani, chini ya turubai la buluu.
Fanusi wamebaki watatu:
Famau ameketi, goti limefungwa bendeji,
Lali na kodiani inayovuja upepo,
na kijana wa kinanda anayechungulia simu.
Nilikuwa nimesimama nikatunze, noti mkononi,
wakaanzisha wa tatu,
upande wa pili.

*Taa na mafuta yake*, akasema zaidi ya kuimba,
nami nikameza mate, mazoea,
na yeye hakumeza. Akatoa:

*majirani wasicheke.*

Majirani!
Miaka yote ile. Hapana kiapo, hapana ahadi,
mtu na taa yake anaogopa jirani.
Nilicheka mpaka Somoe akanishika kiwiko,
akidhani nalia, na huenda hakukosea sana.
Noti nikaiweka kwenye sinia.
Famau akainamisha kichwa
kama mtu anayemshukuru mgeni.

Usiku nikaitia kaseti.
Nikayaimba maneno yake mahali pake.
Yanaenea barabara, nane kwa nane,
hata vina vimekaa.
Nikarudisha nyuma.

Mara ya pili nilimeza mate.