Kitufe cha Hilja

Saa tisa alasiri, na jua la Tartu limeshafunga duka.
Leelo amevua buti. Soksi zinakauka juu ya kipasha joto,
na kwenye skrini yupo mdudu yuleyule wa tangu Jumatatu:
haiwezekani kusoma jina la kitu kisichokuwepo.

Ni kitufe kimoja tu, kijani, kipana kama kisosi,
kwenye kioo kilichobanwa ukutani
katika makao ya wazee ya Annelinn.
Kila asubuhi mkazi hubofya: Nimeamka.
Jina lake huwaka kwenye meza ya zamu,
na muuguzi Urmas anajua nani wa kupelekewa uji
na nani wa kubishiwa hodi.

Tangu Jumatatu wanabofya, meza haiwaki.
Urmas amepiga simu:
"Hilja wa chumba cha tisa amebofya mara kumi na nne.
Anasema mashine yenu inamwambia hayupo."

Leelo anaufungua msimbo kama mtu afunguaye kabati la marehemu.
Kila kitu kimekunjwa vizuri.
Kijenzi kina jina. Kitendo kinasema bila kigugumizi:
chukua jina langu, lipeleke.
Ukikiita kupitia kijenzi chake, kinaitika.
Lakini yeye hakukiita. Alikikabidhi kwa kitufe,
shika hiki, ukiguswa kifanye,
na kitendo kikatoka mlangoni bila koti, bila mwenyeji,
theluji hii yote,
na kilipofika kwenye neno "langu"
kikageuka nyuma kumtafuta mwenye nalo.
Hakuna mtu.

Mimi ninayeyaandika haya kwa Kiswahili
nina huyu, hiki, hili, huu, huku,
kila kimoja kimeshikwa mkono na ngeli yake kisipotee sokoni.
Lakini "mimi", hata kwetu, halina mwenyewe.
Ni la yeyote anayefungua mdomo.

Kwanza akajaribu fundo.
Akakifunga kitendo kwenye kijenzi chake palepale kizingitini,
akabofya, jina likawaka,
akajipigia makofi peke yake ofisini.
Kisha akakitoa kijenzi ukurasani, akakirudisha,
akakitoa, akakirudisha,
akabofya mara moja:
Hilja akaamka mara tatu.

Kumbe kila fundo ni fundo jipya.
Alipokuja kufungua, alishika mkononi fundo pacha,
na lile la kwanza likamtazama tu,
halikumjua.

Saa mbili usiku. Kefiri, kipande cha mkate mweusi.
Akafuta mafundo yote.
Akachonga mshale: alama mbili za kibodi, basi,
mstari pacha na ncha.
Mshale hauna "mimi" yake.
Hubeba ile ya nyumba ulimochongwa,
na kokote utakakotupwa, huenda nayo.
Akauchonga mara moja, kijenzi kikizaliwa,
akaupa jina na mahali pa kukaa,
ili siku ya kuung'oa aung'oe huohuo
wala si ndugu yake.

Akatoa, akarudisha, akatoa, akarudisha.
Akabofya. Mara moja.
Soksi zilikuwa zimekauka hadi zimekakamaa.

Saa moja asubuhi, giza bado, yuko jikoni kwake
na nakala ya meza ya zamu imeegemea birika.
Hilja Rebane, ameamka.
Akapumua.
Hilja Rebane, ameamka.
Akaacha kupumua.
Hilja Rebane, ameamka.

Akampigia Urmas, kijiko kingali mkononi.
"Bado inarudia?"

"Hapana," Urmas akasema, na nyuma yake zilisikika ndara
zikiburuzwa sakafuni, zikienda, zikija.
"Ni yeye. Anabofya,
anakuja kuchungulia hapa mezani,
anarudi kubofya tena."