Hesabu ya Marashi

Bi Ghaniya ndiye aliyeiona kwanza:
chupa, dirishani, kile chumba cha uani,
ndogo, kifuniko cha dhahabu ya uongo,
riali saba, soko la Sibu, dukani kwa Mbulushi.
"Mshahara tisini," akasema, "na saba za kunukia!"

Tulikuwa watano sebuleni, Mawaleh,
kiyoyozi kinanguruma, nje Agosti inaunguza lami,
na udi wa Bi Rayya, ule wa riali mia kwa tola,
umetanda juu ya vichwa vyetu
kama wingu lisilo nia ya mvua.

"Ndiyo maana hawaendelei."
"Kesho hawaijui."
"Mpe kumi, atakula kumi na moja."
Mmoja akatoa simu, akapiga hesabu:
saba mara kumi na mbili, themanini na nne.
"Si angemwezekea mamake nyumba kule Muheza!"

Chupa moja. Alinunua mara moja.
Hizo kumi na moja nyingine ni zetu,
tulimnunulia sisi, pale pale, kwa mdomo.

Akaingia Mwanakheri, dele mkono wa kushoto,
vikombe mkono wa kulia, kama alivyofunzwa.
Kikashuka kimya, kile chenye adabu,
ambacho kila aliyesengenywa anakijua.
Alinukia waridi. Kidogo tu, nyuma ya sikio.
Tangu alfajiri alikuwa na vitunguu na dawa ya choo.

Bibi yangu Shinuna alishuka Matrah
na godoro, watoto wanne, na cherehani ya mkono.
Jirani akachungulia mlangoni, akasema:
"Cherehani anayo. Maskini gani huyu?"
Leo cherehani ile tumeitia kwenye kabati la kioo.
Wageni wakiuliza, tunasimulia kwa madaha.
Yule jirani tunamruka.

Nilitaka kuisema hiyo.
Mdomoni nilikuwa na halua.

Wenzangu wakanywa viwili, vitatu, wakatikisa vikombe:
basi, imetosha. Ndiyo desturi,
asiyetikisa humiminiwa.
Mimi sikutikisa. Cha nne. Cha tano.
Mwanakheri akanitazama, mara moja,
akarudisha macho kwenye mdomo wa dele.
Cha sita kilikuwa masimbi na iliki.

"Wewe leo una kiu!" Bi Ghaniya akacheka,
na hakuna aliyetoa simu
kupiga hesabu ya kahawa.