Vumbi

Hapa Oulu jua la Desemba huchungulia saa nne,
kufikia saa nane limeshaaga.
Mchana napiga picha za vifua hospitalini:
vuta pumzi, zuia, haya, achia.
Usiku, miguu ndani ya soksi mbili mbili,
nafungua picha za Zohali, mbichi,
kama zilivyoshuka kutoka kwenye chombo kile
kisichojua kama kuna anayezipokea.

Zote kijivu. Rangi naipika mwenyewe:
ya chujio jekundu, ya kijani, ya buluu,
nazilaza moja juu ya nyingine.
Ila miezi haitulii. Baina ya picha na picha
mwezi umeshapiga hatua,
umebaki na ukingo mwekundu huku, wa buluu kule,
kama mgonjwa aliyepumua nilipomwambia azuie.

Na pete. Husemwa chanda na pete;
hizi chanda hazina, zimeuvaa utupu,
vipande vya barafu vinavyofukuzana
hadi vikawa mistari.
Kati ya mistari, mwanya, kama wa meno ya mbele.
Ndani ya mwanya, kitone.

Nikafuta kioo kwa mkono wa sweta. Kipo.
Nikasema ni chembe iliyoipiga kamera, hutokea,
nikakifuta kwa kipanya,
mara tatu, picha tatu.
Kwenye ya nne kilikuwa kimesogea.
Na kilikuwa na kivuli.

Sikupiga kelele.
Nilimkumbuka Eino Vääräniemi,
fundi wa pikipiki za theluji, Machi ya mwaka juzi,
alivyoinyooshea kidole picha yake: na hiki?
Vumbi, nikamjibu, nikimpa shati lake.
Daktari alikuwa na foleni. Aliniamini.

Nimetafuta kwenye orodha: kimwezi kina jina,
walikigundua zamani watu wanaolipwa kutazama.
Si changu. Afadhali.
Lakini nimezirudia zile picha tatu,
nimekirudisha mahali pake
pamoja na kivuli chake chote, kirefu kuliko chenyewe,
hadi vidole vikafa ganzi
na theluji ya dirishani ikaanza kuwa buluu.

Saa mbili asubuhi kuna mama mmoja, anakohoa tangu vuli.
Nitamwambia azuie pumzi.
Ataniuliza, wote huuliza, kuna nini hapo,
nami nitamwambia bado natazama.