Daftari la Baba

Jumapili ile, kanisani Usoke, zamu ya somo ilikuwa yangu.
Nilisoma habari za mlima Seiri,
za ndugu aliyemwekea ndugu yake uadui usiozeeka,
aliyesimama kando siku ya msiba akihesabu moshi.
Nilipoinua macho nikamwona baba, benchi la tatu dirishani,
anatikisa kichwa taratibu, ameridhika,
macho kayatua kwenye kisogo cha baba mdogo Msabila.
Na baba mdogo naye alikuwa kageuka nusu,
anautafuta uso wa baba.
Kila mmoja alikuwa amemwona Edomu,
na hakuna aliyekuja na kioo.

Chanzo?
Chanzo baba alikiandika.
Daftari lenye jalada jekundu, la chama cha msingi:
ukurasa wa kushoto kilo za tumbaku, daraja, bei;
wa kulia, Msabila.
Jembe, hakurudisha. Mwaka wa kuhamia vijijini.
Mzinga wangu, mninga wa mtoni, karina yeye.
Hakuja matanga ya mama mkwe.
Kacheka mnadani.
Tarehe, mwezi, na mstari chini kwa rula.

Usiku bani la baba mdogo liliposhika moto
majani yalikuwa siku ya tano juu ya fito,
yameanza kuiva rangi.
Watu walikimbia na ndoo, hata watoto,
hata mwalimu mgeni aliyekuwa hajajua kisima kiko wapi.
Baba alitoka na kiti.
Kiti, jamani.
Akakiweka mpakani, penye minyaa, akakunja mguu,
nikamsikia akisema neno moja, la pumzi tu: “Ehee.”
Nilikuwa na miaka tisa na ndoo kichwani.
“Tua hiyo ndoo,” akaniambia.
Nikatua.
Maji yale tuliyaogea asubuhi.

Basi nikangoja malipo.
Mtoto aliyelelewa na somo la Jumapili anajua kungoja.
Nilingoja bani letu liwake; halikuwaka.
Nilingoja mvua itupite; ilitunyeshea hadi panzi wakatukinai.
Tumbaku ya baba ikapata daraja la kwanza,
nikadhani faili limepotea huko juu,
kama yapoteavyo mafaili ya watu wadogo.

Kumbe hukumu ilikwisha kuingia ndani,
inakula naye sahani moja.
Asali aliionja akasema mwaka huu nyuki wamepitia kwa Msabila.
Harusi yangu aliitazama kwa kuhesabu:
nani wa upande ule kaja, kakaa wapi, kala nini.
Na usiku mvua ikigonga bati
hakusema, mvua hiyo.
Alisema, “Na kwake inanyesha.”
Maisha yake yote
hakupata mvua iliyo yake.

Alipolala mara ya mwisho akaagiza daftari.
“Jumlisha,” akaniambia.
Nikalitoa chini ya sanduku.
Mchwa walikuwa wamelisoma kabla yangu.
Walikula jembe, wakala mzinga,
wakala matanga, wakala kicheko cha mnadani,
wakaacha jalada na ukingo mwembamba wa karatasi:
Msabila, Msabila, Msabila,
kutoka juu hadi chini,
bila kosa hata moja mbele ya jina.
“Hakuna kitu, baba.”
Alikaa kimya muda mrefu.
“Lakini bado namchukia,” akasema.
Si kwa hasira. Kwa mshangao,
kama mtu aliyeingia nyumbani mwake
akakuta nyumba haina mlango wa kutokea.

Juzi stesheni, Mlekwa, mtoto wa Msabila,
alinipungia mkono kutoka ng’ambo ya reli.
Treni ya mizigo ikapita kati yetu,
mabehewa mengi, polepole.
Ilipokwisha alikuwa bado kainua mkono,
au kauinua upya.
Niliitikia. Nadhani niliitikia.
Ila kabla ya hapo, behewa la kumi au la kumi na moja,
nilijikuta nawaza:
mbona huyu hakuja tulipoanua tanga la baba?
Na ulikuwa mwezi gani ule,
na tarehe