Mvunja Kokwa

Saa moja asubuhi namkabidhi zamu Beverley,
nanawa mikono hadi kwenye viwiko,
na badala ya kwenda kulala kama watu wenye akili
nateremka hadi Parkend, kamera kifuani
kama mtoto mchanga anayekataa kubebwa mgongoni.

Bwana Gwilliam wa chumba namba tisa ndiye aliyeniroga.
Miaka arobaini alichimba makaa, kila Jumapili akashika darubini;
sasa miguu imemgomea, na dirisha lake
linatazama maegesho ya magari.
"Yupo ndege mmoja," aliniambia nikimbadilishia shuka,
"mdomo wake unapasua kokwa ya cheri.
Kokwa, binti, siyo tunda.
Niletee picha yake, nami nitameza hivyo vidonge vyako."
Tukapeana mkono. Wake ulikuwa baridi.

Kwetu Lushoto mtu haingii msituni mikono mitupu:
awe na kamba, awe na panga,
ama awe na sababu ya kumweleza bwana miti.
Mimi nina lenzi ya mtumba na kiti cha kukunja.
Mama, kwenye simu: "Unakaa porini saa tatu
kumngoja ndege usiyemla?"
Ndiyo, mama.
"Na wanakulipa?"
Mtandao ukakatika. Nilisaidia kidogo.

Subira huvuta heri, tulifundishwa.
Januari, huku, huvuta kwanza mafua,
kisha mbwa wa mtu anayekuja kunusa chai yangu,
kisha mwenye mbwa, anayeomba radhi
kwa ajili ya mbwa, kwa kunishtua, na kwa mvua.

Nimepiga wengi nisiotumwa.
Paa akivuka reli ya zamani ya makaa, mguu mmoja hewani,
mgeni asiyejua kama avue viatu mlangoni.
Kigogota, kichwa kimegeuka ukungu kwa kasi.
Na Jumanne ile, Mungu anisamehe, nguruwe:
jike la mwitu, jeusi kama sufuria ya matangani,
na watoto sita nyuma yake wenye michirizi ya tikitimaji.
Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa,
nikasoma Bismillahi, nikabonyeza.
Ndiyo picha nzuri kupita zote nilizowahi kupiga.
Mama sijamwonyesha.

Alhamisi jalidi ilikuwa imeyavisha majani sukari.
Kwanza nikasikia: tak.
Sauti ya kitu kidogo kigumu kikikubali kushindwa.
Nikainua macho juu ya makaburi ya kanisa
na hapo, kwenye mti mweusi wenye majani ya sumu,
alikaa: shingo ya hamali,
mdomo koleo la fundi viatu,
maganda yakimdondoka kama mtu anayekula karanga
na hajui anatazamwa.
Vidole vyangu havikuwa vyangu.
Nikapiga mara tatu. Akaondoka.
Tawi likatikisika kidogo, kisha likaacha.

Picha ya kwanza: tawi.
Ya pili: tawi, na anga ya kijivu.
Ya tatu: doa la rangi ya chai ya maziwa,
limetanda, halina macho, ila ukucha mmoja
umetoka safi, unaweza kuukata kwa mkasi.
Nikamtumia Mwajabu. Akajibu:
"Dada, hiyo ni ndege au chapati?"

Nilitaka kumwambia jina lake.
Nikapekua kamusi, nikapekua kichwa;
babu zetu hawakukutana naye.
Basi nikamwita mwenyewe, bila kikao, bila kamati,
nikaliandika jina nyuma ya kadi ya zamu
kabla usingizi haujanichukua nalo.

Usiku, chumba namba tisa, nikamshikia skrini.
Akavaa miwani. Akaisogeza, akairudisha.
Mashine ya hewa ikapumua kwa niaba yetu sote wawili.
"Jike," akasema mwishowe. "Ona bawa, lina kijivu.
Na mkono wako umetetemeka."
Akafungua kinywa. Akameza kidonge cha kwanza, akameza cha pili.
Cha tatu akakifumbata kiganjani, akageukia ukutani.
"Hiki," akasema, "mpaka uniletee dume."