Sanduku la Baltasar

Baltasar, naambiwa umepanga chumba huko Porto,
jiko la moto mmoja, na unakula mkate na samaki wa kopo.
Haya. Nimefungua kabati. Lete sanduku.

Hiki chekundu kiliandikwa na masista:
kila keki viini kumi na viwili, sukari kilo.
Usikipike. Kisome usiku njaa ikikuuma, kisha ulale.

Hiki kisicho na jalada ndicho cha kila siku.
Mwandishi wake hajui kupima. "Chumvi ya kutosha," asema,
"moto wa wastani", "mpaka iwe tayari".
Nilimtukana miaka miwili. Wa tatu nikaanza kumwelewa.
Anzia supu ya viazi na kabichi:
majani uyakate membamba kama uzi,
yatie mwisho, geuka uchukue bakuli, yameshaiva.
Ukurasa wa ng'onda umegandana na wa maharage,
usiubandue. Loweka siku mbili, badili maji mara nne.
Ndiyo yote uliyosema.

Kile kinene chenye picha za kung'aa, zawadi ya Leopoldina,
kipo chini ya mguu wa meza. Kiache hapo.

Sasa mvinyo.
Dukani watakuuzia miongozo mipya:
chupa hii yanukia waridi, hii ngozi, hii mvua juu ya jiwe,
na hakuna hata moja mbaya.
Mgema akisifiwa... malizia mwenyewe.
Chukua huu mdogo, wa mwaka themanini na saba.
Bei ni za eskudo. Nusu ya wenye mizabibu wamezikwa.
Fungua nilipokunja pembe. Jina hilo ni la baba yangu.
Soma: "Mwepesi, mkali. Hauna haja ya kungojewa."

Baba hakusema na mtu siku tatu.
Ya nne akashuka ghalani, akamimina,
akaonja amesimama, kofia kichwani.
"Mshenzi huyu," akasema, "ana ulimi."

Tuliunywa na sadini za kuchoma hadi pipa la mwisho.
Ulikuwa mkali kweli. Ulikata mafuta kama ndimu.

Kwa hiyo mwamini. Akisifu chupa, tafuta pesa.
Pembeni mna penseli, yangu na ya marehemu Honorato,
tunabishana. Usifute. Nafasi ipo, bisha nawe.

Na sufuria hiyo, mpini umelegea.
Shika kwa kitambaa.